Bei ya shaba ilipanda, mbona hesabu za ZCCM-IH zinasema lingine?

Swali la msomaji: "Nina malori matatu yanayobeba shaba kutoka Kitwe na Solwezi kuja bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 2024 bei ya shaba ilipanda, mzigo uliongezeka, na kila niliyeongea naye Zambia aliniambia migodi imechimba zaidi. Rafiki yangu wa Ndola ananishauri ninunue hisa za ZCCM-IH, kampuni ya serikali yenye hisa migodini. Nimefungua taarifa zake za mwaka nikakuta tarakimu zinazoruka juu na chini bila uhusiano na nilichokiona barabarani. Nizisomeje? Na uchumi wa Zambia unaingiaje humo?" – Mwenye malori, Tunduma.

Ndugu yangu wa Tunduma, ulichokiona barabarani ni kweli. Uzalishaji wa shaba wa Zambia mwaka 2024 ulifika takriban tani 820,000, ongezeko la kama asilimia 12 juu ya mwaka uliotangulia. Mwezi Mei mwaka huo bei kwenye soko la metali la London ilivuka dola 11,000 kwa tani, kisha ikashuka, na wastani wa mwaka mzima ukawa kama dola 9,100. Lakini lori lako hulipwa kwa tani. ZCCM-IH hailipwi hivyo, isipokuwa kwa mgodi mmoja ambao nitaufikia.

Chukua mfano wa biashara yako mwenyewe. Tuseme binamu yako ana robo ya lori moja. Nauli ikiingia, binamu hapati robo ya nauli. Kwanza unatoa dizeli, matairi, posho ya dereva na utingo, ushuru wa barabara, siku zilizopotea kwenye foleni ya mpakani Nakonde, halafu rejesho la benki. Kinachobaki ndicho mnachogawana, na hata hicho wewe mwenye robo tatu unaweza kusema, "Mwaka huu hatugawani, nanunua tela." Binamu atanung'unika, lakini hana kura za kukuzuia. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ZCCM-IH imekuwa binamu huyo.

Haikuanza hivyo. Agosti 1969, pale Matero jijini Lusaka, Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya migodi. Zikatokea kampuni mbili kubwa, na mwaka 1982 zikaunganishwa kuwa ZCCM, dude lililoendesha migodi, viyeyushio, hospitali, shule na hata timu za mpira za Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba. Kwa bahati mbaya bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu katikati ya miaka ya 1970, mashimo yakazidi kwenda chini, fedha za vipuri zikakosekana. Nchi iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 700,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilifika mwaka 2000 ikitoa kama tani 250,000. Kati ya 1997 na 2000 migodi iliuzwa vipande vipande. Katika kila kipande serikali ilibakiza hisa chache, nyingi kati ya asilimia 10 na 20, na hisa hizo ndizo zilizowekwa kwenye kapu liitwalo leo ZCCM Investments Holdings, yaani ZCCM-IH. Serikali na taasisi zake, pamoja na mfuko wa pensheni wa NAPSA, wanashika zaidi ya asilimia 90 ya kapu hilo. Zinazobaki ndizo zinazouzwa Lusaka na Paris, na kwa kuwa ni chache, bei yake inaweza kukaa muda mrefu bila kusogea, kisha ikaruka kwa siku moja.

Kwa hiyo unapofungua taarifa ya mwaka, swali la kwanza ni hili: ni fedha kiasi gani zimeingia benki kutoka migodini? Mstari wa faida uache kwanza. Tafuta ukurasa wa mtiririko wa fedha, uangalie gawio lililopokelewa na mrabaha uliopokelewa, yaani sehemu ya mapato ya mauzo inayolipwa kabla ya gharama. Mstari wa faida una mambo mengi ndani yake ambayo hayanunui hata galoni ya dizeli.

Sasa ule mgodi mmoja. Kansanshi, nje kidogo ya Solwezi, unaendeshwa na First Quantum ya Kanada, na ZCCM-IH ilikuwa na asilimia 20. Mgodi ulikuwa mzuri, lakini binamu alilalamika. Mwaka 2016 ZCCM-IH ilikwenda kudai kwamba fedha za Kansanshi zilikuwa zimekopeshwa kwa kampuni nyingine ndani ya kundi la First Quantum kwa njia iliyomuumiza mwanahisa mdogo. First Quantum ilikanusha, na madai hayo hayakufaulu. Mwishoni mwa 2022 pande mbili zikakubaliana jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la busara kuliko yote ambayo kampuni hii imefanya tangu izaliwe. Haki ya kusubiri gawio la asilimia 20 iligeuzwa kuwa mrabaha wa asilimia 3.1 ya mapato ya mauzo kwa maisha yote ya mgodi. Ni sawa na binamu kukuambia: "Usinigawie faida tena. Nipe asilimia tatu ya kila nauli, siku ileile inapoingia, kabla ya dizeli na matairi."

Tupige hesabu pamoja. Kansanshi ilitoa takriban tani 171,000 za shaba mwaka 2024, kutoka kama tani 135,000 mwaka 2023. Zidisha 171,000 kwa wastani wa dola 9,100, unapata kama dola bilioni 1.56. Asilimia 3.1 ya hizo ni karibu dola milioni 48. Haya ni makadirio yangu ya kukuonyesha ukubwa wa jambo. Hesabu halisi ina tarehe za mauzo, makato ya kuyeyusha, na dhahabu inayotoka pamoja na shaba. Angalia lakini kilichotokea: tani zimepanda, mrabaha umepanda. Hapo, na hapo tu, hesabu za ZCCM-IH zinafanana na hesabu za lori lako. First Quantum imetumia zaidi ya dola bilioni moja kupanua mgodi huo, na katika mpango wa zamani gharama za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikila gawio. Katika mpango mpya ZCCM-IH haichangii upanuzi, ila inakula mrabaha wa tani zitakazoongezeka.

Mopani ni hadithi nyingine kabisa, na ndiyo inayofanya tarakimu ziruke.

Mopani ni kampuni yenye migodi miwili: Nkana, ulioko Kitwe, na Mufulira. Ni mashimo ya zamani na yenye kina kirefu. Glencore ya Uswisi ilikuwa mwenye hisa nyingi, ZCCM-IH ikiwa na asilimia 10. Mwaka 2020, wakati wa korona, Glencore ilitaka kusimamisha uzalishaji. Serikali ya wakati huo, ikiwa na uchaguzi mbele yake, haikuwa tayari kuona maelfu ya wachimbaji wakirudi nyumbani. Machi 2021 ZCCM-IH ikanunua asilimia 90 iliyobaki kwa dola moja. Wengi walishangilia dola hiyo moja. Mimi niliiangalia dola bilioni 1.5 iliyokuja nayo, yaani deni ambalo Mopani ilitakiwa kuilipa Glencore kutokana na mauzo ya mgodi. Binamu aliyekuwa na sehemu ndogo ya lori ghafla akawa mwenye lori zima, likiwa na injini iliyochoka na mkopo wa benki uliozidi thamani yake.

Kihesabu, siku hiyo Mopani ilihama kutoka kuwa hisa ndogo na kuwa kampuni tanzu, yaani kampuni inayodhibitiwa na ZCCM-IH. Maana yake mauzo yote, mishahara yote na madeni yote ya Mopani yaliingia kwenye hesabu za kundi. Mtu aliyesoma taarifa ya 2021 bila kujua hilo angedhani ZCCM-IH imekua mara nyingi kwa mwaka mmoja. Kilichokua ni mzigo. Mgodi ulihitaji mtaji mkubwa kumalizia mashimo mapya, na kampuni mama haikuwa na fedha hizo.

Ndipo ikaja International Resources Holding ya Abu Dhabi. Machi 2024 ilichukua asilimia 51 ya Mopani kwa mpango wa jumla ya dola bilioni 1.1, mchanganyiko wa mtaji na mikopo, na ZCCM-IH ikabaki na asilimia 49. Mambo yakageuka tena kihesabu. Kampuni ikipoteza udhibiti wa kampuni tanzu, kanuni za kimataifa za uhasibu zinaitaka iondoe mali na madeni yote ya tanzu hiyo vitabuni, kisha iandike hisa iliyobaki kwa thamani ya soko inayokadiriwa. Kama tanzu ilikuwa na madeni mengi kuliko mali, kuyaondoa kunazaa faida ya kimaandishi. Faida hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko gawio la miaka mingi, na haina kilo moja ya shaba ndani yake. Ukiiona katika taarifa ya 2024, ifute kwa penseli na uanze kusoma upya.

Usisahau kwamba asilimia 49 bado ni ubinamu, japo ni wa kiti cha mbele. Kwa maoni yangu kuuza udhibiti ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu mgodi usio na mtaji hufa polepole na watu wake. Ila mwanahisa wa ZCCM-IH asitarajie gawio la Mopani karibuni. Mgodi unaojengwa upya hula kabla ya kulisha.

Konkola, au KCM kama wenyeji wanavyoiita, ina funzo linalofanana. Kampuni ya Vedanta ya bilionea Anil Agarwal ina asilimia 79.4, ZCCM-IH 20.6. Mei 2019 ZCCM-IH yenyewe ndiyo iliyokwenda mahakamani kuomba KCM ifilisiwe, na mfilisi wa muda akawekwa. Baada ya miaka mitano ya kesi, mgodi ulirudi mikononi mwa Vedanta mwaka 2024. Konkola ni miongoni mwa migodi yenye maji mengi zaidi duniani. Hutolewa shimoni zaidi ya mita za ujazo 300,000 za maji kila siku. Pampu zikizimika, mgodi unazama. Nakutajia hilo kwa sababu linatupeleka kwenye umeme, na umeme ndio mlango ambao uchumi wa nchi unaingilia kwenye hesabu za kampuni.

Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia hutegemea maji, na sehemu kubwa yake ni Kariba na bonde la Kafue. Msimu wa mvua wa 2023/24 ulishindwa kwa sababu ya El Niño. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Karibu nusu ya mahindi yaliyopandwa yalikuwa yameharibika. Ziwa Kariba lilishuka mpaka mitambo ikakosa maji ya kuzungusha. Majumbani watu walikaa gizani saa 17 na zaidi kwa siku. Madereva wako bila shaka walikusimulia Mpika na Serenje zilivyokuwa usiku. Migodi ililindwa kuliko raia, lakini nayo ilipunguziwa, na ikalazimika kununua umeme wa nje kwa bei ya juu. Kwa hiyo mwaka huohuo bei ya shaba inapanda, gharama ya kuitoa ardhini nayo inapanda.

Hapa kapu la ZCCM-IH lina kitu ambacho watu hawakitazami. Ina asilimia 35 ya Maamba, mgodi wa makaa ya mawe na mtambo wa megawati 300 kule Sinazongwe, Mkoa wa Kusini. Ina pia hisa katika Copperbelt Energy Corporation, kampuni inayopeleka umeme migodini. Mvua ikikosekana, mtambo wa makaa hauathiriki kama bwawa. Kwa miaka kadhaa tatizo la Maamba lilikuwa mteja wake mkuu, shirika la umeme ZESCO, ambalo lilikuwa na malimbikizo makubwa ya madeni kwake. Malimbikizo hayo yalipoanza kulipwa, Maamba ikawa mlipaji, na ujenzi wa mtambo wa pili wa megawati 300 ukaanza. Kama ningeulizwa kurasa tatu tu za kusoma katika taarifa ya mwaka, moja ingekuwa maelezo ya Maamba.

Ukame ulipita pia kwenye sarafu. Nchi iliyozoea kujitosheleza kwa mahindi ikawa inaagiza mahindi na umeme kwa dola. Kwacha, iliyokuwa kama 18 kwa dola mwishoni mwa 2022, ilifika karibu 26 mwishoni mwa 2023 na karibu 28 mwishoni mwa 2024. Mfumuko wa bei ukafika asilimia 16.7 Desemba 2024. ZCCM-IH inaandika hesabu zake kwa kwacha, lakini shaba, mrabaha wa Kansanshi na madeni ya migodi ni dola. Chukua deni la dola bilioni 1.5. Kwa kwacha 18 ni kwacha bilioni 27. Kwa kwacha 26 ni bilioni 39. Hakuna aliyekopa hata senti zaidi, lakini mizania, yaani jedwali la mali na madeni, inaonyesha kwacha bilioni 12 za ziada. Mgodi ukiwa unaandika vitabu vyake kwa dola, tofauti hiyo hupita kwenye akiba ya ubadilishaji wa fedha badala ya mstari wa faida, ndiyo maana lazima usome chini ya mstari huo pia. Na ni upanga wa pande mbili: kwacha ilipopata nguvu mwaka 2025, dola ileile ya mrabaha ikawa na kwacha chache zaidi. Unapolinganisha mwaka na mwaka, geuza tarakimu kuu kuwa dola kwanza. Kazi ya dakika kumi, lakini utashangaa ni "ukuaji" kiasi gani unaoyeyuka.

Kisha kuna mwenye kapu, yaani serikali. Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hati fungani Novemba 2020, nchi ya kwanza ya Afrika kufilisika hivyo wakati wa korona. Ilichukua mpaka Juni 2023 kukubaliana na nchi zilizoikopesha juu ya dola bilioni 6.3, China ikiwa mkubwa wao, na mpaka Juni 2024 kumalizana na wenye hati fungani za kama dola bilioni 3. Sehemu ya hati mpya ina sharti kwamba uchumi ukifanya vizuri kuliko makadirio, wadai walipwe zaidi na mapema. Serikali iliyo katika hali hiyo inahitaji kila dola ya migodi, na inaipata kwa njia mbili: kodi na umiliki. Njia ya kodi ina nguvu zaidi. Mrabaha wa serikali, ambao ni tofauti na ule wa Kansanshi niliokueleza, hupanda ngazi kwa ngazi kufuata bei: asilimia 4 kwa dola 4,000 za kwanza za kila tani, 6.5 mpaka 5,000, 8.5 mpaka 7,000, na 10 kwa kinachozidi hapo. Kwa bei ya dola 9,100 hiyo ni kama dola 605 kwa tani, mgodi upate faida au usipate. Hazina haihitaji ZCCM-IH ili ifaidi bei nzuri. Lakini mwanahisa mdogo wa ZCCM-IH hana hazina. Ana gawio tu, na anakaa upande mmoja na serikali ambayo kesho inaweza kuamua kampuni inunue mgodi mwingine kwa sababu za ajira au za kura. Mopani ilikwisha kutuonyesha.

Wenzetu wa Lubumbashi wanajua wimbo huu. Gécamines ya Kongo nayo ni kampuni ya serikali iliyowahi kuwa kubwa, ikabaki na hisa ndogo katika migodi ya wengine. Mwaka 2023 iliibana CMOC ya China juu ya mgodi wa Tenke Fungurume mpaka ikakubaliwa malipo ya dola milioni 800 na ahadi ya gawio lisilopungua dola bilioni 1.2. Lori lako likipakia mzigo uliovuka mpaka wa Kongo na Zambia pale Kasumbalesa, huenda ni shaba ya huko. Serikali mbili, mbinu zinazofanana: kuacha kungoja faida na kudai sehemu iliyo wazi.

Sasa ushauri wa rafiki yako wa Ndola. Taarifa ijayo ikitoka, angalia kwanza fedha zilizoingia kutoka Kansanshi na Maamba. Halafu tafuta maelezo ya dhamana, yaani madeni ya wengine ambayo ZCCM-IH imeyadhamini, kwa sababu huko ndiko Mopani ya pili inaweza kujificha. Kisha soma kilichosemwa kuhusu wito wa mtaji: je, mwenye asilimia 49 ya Mopani atatakiwa kuchangia upanuzi, na akishindwa hisa zake zitapungua?

Lakini kuna jambo jingine hukuniuliza. Malori yako matatu tayari yanategemea Copperbelt. Kariba ikikauka tena, mpaka ukifungwa kwa wiki mbili, au mgodi mkubwa ukisimama, nauli yako inashuka mwezi uleule ambao hisa hizo zitashuka. Na siku utakapotaka kuziuza ili ulipe rejesho la benki, utakuwa Lusaka, kwenye hisa ambazo wanunuzi wake ni wachache, ukisubiri kwacha ubadilishe iwe shilingi. Kama una akiba ya kuwekeza nje ya malori, mimi ningetafuta kwanza kitu kisichopita Nakonde.